Mmea usioliwa



Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunagawana mbegu za karoti na za lengalenga, mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza mbele ya wote: “Mwalimu, yale maua ya zambarau yaliyo juu ya ukuta wako, mnayakula?” Wote walicheka, na mimi pia nilicheka. Lakini swali lile lilinifuata mpaka jikoni. Nililisikia kwa mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, na siku ile hakuna aliyecheka. Aliyeliuliza alikuwa mama mkwe wangu, jembe likiwa mkononi mwake.

Basi niruhusuni nimjibu mwenzetu kwa maandishi, polepole, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu wa mwaka wa nne wanapouliza jambo ambalo jibu lake halienei kwenye ubao.

Maua yale yanaitwa lavanda. Wengi wetu tunaijua harufu yake kabla ya kuujua mmea wenyewe: iko ndani ya sabuni, ndani ya poda, ndani ya maji ya kusafishia sakafu. Mimi nilidhani lavanda ni jina la manukato tu, kitu cha kiwandani. Halafu dada mmoja niliyesoma naye ISP, ambaye aliolewa Goma, alivuka ziwa kwa boti kuja kutusalimia hapa Bukavu. Mkononi alibeba miche mitatu katika vikombe vya yaurti. Kila mche ulikuwa na urefu wa kidole. Majani yalikuwa ya kijivujivu, membamba, yenye meno madogo pembeni kama msumeno. Aliniambia nishike jani moja na kulisugua, kisha ninuse vidole.

Wakati ule usingizi ulikuwa umenikimbia. Mtoto wangu wa tatu alikuwa anaachishwa kunyonya, mshahara ulikuwa haujafika, na usiku tulisikia milio ambayo sina haja ya kuwaeleza, kwa sababu na ninyi mliisikia. Nikawa ninaamka kabla ya jua, ninatoka nje, ninasugua jani moja la lavanda, ninanusa mkono, kisha ninawasha makala. Ilikuwa ni hilo tu. Sikuwa na mpango wa kuuza kitu wala wa kutengeneza dawa.

Parsele yetu iko kwenye mteremko, upande wa Kadutu, nayo ni ndogo: hatua 14 kwa hatua 9, na nyumba iko humo humo ndani. Bustani ni kitalu kimoja nyuma ya jikoni. Udongo wake ni mweusi kwa sababu kwa miaka mingi tumeutilia mbolea ya sungura na maganda ya ndizi. Ni udongo mzuri kuliko wote tulio nao. Nikasema, mgeni apewe kiti kizuri. Nikapanda miche yote mitatu pale, nikaimwagilia asubuhi na jioni, nikaiongezea mbolea.

Mche wa kwanza ulikufa baada ya majuma matatu. Majani ya chini yaligeuka manjano, kisha shina likawa jeusi. Nilifikiri ni kiu, nikaongeza maji kwa ile miwili iliyobaki. Wa pili ulikufa katika mvua za mwezi wa kumi na moja. Nilipouvuta ulitoka wenyewe, mizizi imelainika kama mboga iliyochemshwa kupita kiasi.

Mimi ni mwalimu. Ninawafundisha watoto kwamba mmea unahitaji maji, mwanga na chakula. Hakuna siku nilimwambia mtoto kwamba mizizi pia inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji kila siku, hewa inatoka na mizizi inaoza. Na mmea wenye mizizi iliyooza unalegea majani kama wenye kiu, kwa sababu hauwezi tena kunywa. Hapo ndipo mtu anaumalizia kwa ndoo.

Lavanda asili yake ni milima iliyo kando ya Bahari ya Mediterania. Kusini mwa Ufaransa inalimwa mashamba makubwa kwa ajili ya mafuta ya manukato. Kule ardhi ina mawe mengi na chokaa, na majira ya joto hupita kwa majuma mengi bila mvua. Ile rangi ya kijivu mnayoiona kwenye majani inatokana na vinyweleo vidogo sana vinavyolinda jani lisikauke kwa jua. Sasa tazameni Bukavu: tuko kwenye mita 1500 hivi, mvua inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa tano, udongo wetu ni mwekundu, unashika maji, na una uchachu. Nilimpokea mgeni wa nchi kavu nikamlaza ndani ya maji, tena nikamfunika na mbolea. Rafiki yangu wa Goma hakujua kunionya, kwa sababu kwao hakuna tatizo hilo. Pale ardhi ni ya mawe ya volkano; mvua ikinyesha, maji yanapita mara moja na kuzama.

Ukabaki mche mmoja. Ulikuwa umekonda, lakini hai.

Wakati huo ndipo mama mkwe alipotufikia kutoka upande wa Walungu. Hakuja kutembea. Usalama ulikuwa umeharibika kule, akaja na furushi moja la vikwembe na jembe lake. Mtu aliyelima maisha yake yote hawezi kukaa kwenye kiti akitazama wajukuu. Juma la kwanza alifagia, la pili alianza kuzunguka kile kitalu akikipima kwa macho.

Alhamisi moja nilirudi kutoka shuleni saa saba mchana. Kitalu chote kilikuwa kimegeuzwa, matuta yamenyooka, maharage yamekwisha kupandwa. Lavanda yangu ilikuwa imelala njiani, mizizi juu.

“Mama, umeng’oa mmea wangu.”

“Mmea upi? Ule wenye majani makavu? Unaliwa?”

“Hauliwi.”

“Ni dawa?”

“Si dawa ya kuponya ugonjwa.”

“Sasa unafanya nini kwenye udongo wa maharage, na watoto wanakula mara moja?”

Wamama, alikuwa na haki. Ilikuwa mwezi wa pili bila mshahara. Tulikuwa tunakula bugali na sombe jioni, na asubuhi watoto walikunywa chai isiyo na kitu. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimesimama darasani tangu asubuhi, nilikuwa sijalala, na lile jani lilikuwa kitu pekee katika parsele ile ambacho hakikuniomba chochote. Nikasema neno ambalo mpaka leo ninalisikia likitoka kinywani mwangu. Nilisema: “Hii ni nyumba yangu.”

Nilimwambia hivyo mwanamke aliyetoka kuacha nyumba yake.

Hakujibu. Alisafisha jembe kwa kijiti, akaliegemeza ukutani, akaingia ndani. Jioni hakula. Mume wangu alitutazama sisi wawili, akatoka kwenda kuzungumza na jirani mpaka usiku. Kwa siku tatu tulisalimiana tu: umeamkaje, umeshindaje. Mmea sikuuokota. Niliona haya hata kuuangalia.

Siku ya nne asubuhi, nilipotoka kuwasha makala, niliuona juu ya ukuta. Wanaokaa kwenye mteremko wanajua ukuta ninaousema: ule wa mawe unaozuia udongo wa jirani wa juu usitushukie. Nyuma ya mawe, pale juu, palikuwa na ukanda mwembamba wa kokoto na vipande vya matofali ulioachwa na fundi. Hapakuwahi kuota kitu pale. Jua linapapiga tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Mama alikuwa amechimba shimo dogo katika kokoto, akatia udongo kidogo uliochanganywa na mchanga na majivu, akausimamisha mmea wangu na kuuzungushia vijiwe.

Alikuwa ameketi mlangoni. Akaniambia bila kunitazama: “Usiku ule nilinusa mikono yangu. Mmea wenye harufu kama hii na majani kama haya hautaki kushiba. Wewe ulikuwa unaulisha kama mtoto mgonjwa.”

Alijuaje? Alipokuwa msichana alifanya kazi ya kibarua katika shamba la kinina. Mnajua miti hiyo. Kivu yetu imeipanda tangu zamani, na maganda yake yanatoa kinini ya malaria. Mama alipalilia vitalu vya miche, na baadaye alimenya maganda. Aliona miche mingi ikifa kwa sababu ya maji yaliyosimama, akaona msimamizi akiwagombeza waliomwagilia kupita kipimo. “Kinina pia hatukuila,” alisema. “Lakini ilisomesha kaka zangu. Ungeniambia tu kwamba unaupenda, siku ile ile ningeupatia mahali pake.”

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Alinijibu kwa kunituma kuleta majivu mengine.

Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye lavanda, mimi ni msaidizi wake. Mmea ulikaa majuma karibu sita bila kusema kitu, kisha ukatoa majani mapya katikati. Mwezi wa pili ulitoa ua la kwanza. Leo ni kichaka kinachonifika kiunoni, na kimezaa vichaka vingine sita.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, nitasema tuliyoyajifunza, makosa yakiwemo.

Kwanza, aina. Lavanda si moja. Ile ya milima ya baridi, ambayo mbegu zake zinauzwa katika pakiti zenye picha nzuri, imezoea kupita katika baridi kali kabla ya kutoa maua. Kwetu baridi hiyo haiji, kwa hiyo mara nyingi inabaki majani tu. Mbegu zake pia ni za taratibu sana. Mimi nilipanda pakiti nzima nikangoja mpaka nikachoka. Tafuteni yenye majani ya meno kama msumeno. Hiyo haidai baridi, na kwangu inatoa maua karibu mwaka mzima. Harufu yake ina ukali kidogo, inakaribia kafuri, lakini ni ya kupendeza.

Mahali pawe na jua kwa saa sita au zaidi. Chini ya mgomba hapafai, wala kando ya bomba. Kama huna ukuta wala kokoto, panda ndani ya mkebe mkubwa wa mafuta au bido lililokatwa katikati, ila toboa matundu mengi chini na utie vipande vya matofali kabla ya udongo. Sisi tunachanganya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mchanga wa kujengea. Mbolea hatutii. Mmea ukishiba mbolea unatoa majani mengi laini na maua machache.

Majivu yanapunguza uchachu wa udongo wetu, kwa hiyo yanasaidia, lakini ni kiganja kimoja tu kwa mmea mara mbili kwa mwaka. Yawe ya kuni au ya makala. Majivu ya takataka zilizochomwa pamoja na mifuko ya plastiki msiyatumie hata kwa mboga, hasa kwa mboga.

Kumwagilia ndiko kunakotushinda sisi wamama, kwa sababu tumezoea kwamba kupenda ni kupatia. Mche mpya upewe maji kidogo kila baada ya siku mbili tatu mpaka ushike. Ukishika, mvua inatosha. Katika kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, mimi ninaingiza kidole katika udongo. Kikitoka kikavu mpaka kiungo cha pili, ninatoa kikombe kimoja. Ulio ndani ya mkebe unakauka haraka zaidi, uangaliwe zaidi. Na kati ya mmea na mmea acheni nafasi ya sentimita 50, upepo upite. Katika mvua zetu, vichaka vilivyobanana vinaoza katikati.

Maua yakiisha, kata. Bila kukatwa mmea unakuwa miti mitupu chini na majani machache juu, kama ufagio uliosimamishwa. Ondoa kama theluthi moja, ukiacha majani ya kijani chini ya pale unapokata. Mwaka jana nilikata kwa bidii ya mtu mwenye makasi mapya, nikafika kwenye mti mkavu usio na jani. Upande ule haukuota tena mpaka leo. Mama anauita askari aliyenyolewa nusu.

Miche tunapata kwa vijiti. Chukua tawi laini lisilo na ua, lenye sentimita 10, ondoa majani ya nusu ya chini, lisimamishe katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya majuma manne mpaka sita, vuta kidogo sana; likikataa kutoka, lina mizizi. Katika kila vijiti kumi sisi tunapata sita au saba. Mama akiwa ndiye aliyepanda, nane.

Neno moja kwa wanaokaa kwenye mteremko kama mimi. Msichimbe ndani ya ukuta wenyewe, wala msitoe jiwe ili kupata nafasi ya ua. Na lavanda haizuii udongo kuporomoka. Mnajua mvua za huku zinavyobeba nyumba. Mfereji wa maji ubaki wazi, na kwenye kingo pandeni majani yenye mizizi mirefu kama vetiva. Lavanda ni ya kukaa juu ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Sasa inafaa kwa nini? Tunakata maua asubuhi umande ukishakauka, tunayafunga mashada madogo, tunayatundika kichwa chini, kivulini, karibu na dari. Baada ya majuma mawili tunayapukuchua na kuyatia katika vifuko vya vipande vya kitenge, vile vinavyobaki kwa mshonaji. Kifuko kimoja ndani ya sanduku la nguo kinafukuza nondo wanaotoboa sweta, na vikwembe vinanukia. Binti yangu mkubwa ameuza vifuko kadhaa kwa walimu wenzangu, akanunua madaftari yake. Mtu asitegemee zaidi ya hapo. Nimesikia wengine wakizungumza juu ya kukamua mafuta. Mafuta yanahitaji mzigo mkubwa wa maua na chombo cha kuchemshia mvuke, na sisi tuna ukuta mmoja.

Na tafadhali: harufu hii haichukui nafasi ya chandarua. Mbu wa malaria hasomi magazeti yetu. Mafuta ya lavanda yanayouzwa katika vichupa si ya kunywa, yawekwe mbali na watoto, na mama mwenye mimba aulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Je, ilinirudishia usingizi? Niliweka kifuko chini ya mto, ndiyo, na bado kipo. Lakini usingizi ulirudi mshahara ulipolipwa na mama mkwe alipoanza kulala na mtoto mdogo. Sitaki kuipa lavanda sifa ya mama mkwe wangu.

Nyuki nao wamekuja. Chini ya ukuta tumepanda maboga, ambayo hayazai bila wadudu wa kubeba chavua, na mama anasema tangu lavanda itoe maua maboga yameongezeka. Sikuhesabu kabla, kwa hiyo siwezi kuthibitisha. Nimemwachia ushindi huo.

Mwezi wa sita aliamua kurudi Walungu kuangalia nyumba yake. Tulimsihi angoje, akakataa. Alibeba mbegu za maharage ya kitalu chetu, na vijiti vinane vya lavanda vilivyofungwa katika jani la mgomba lenye unyevu. Nilimuuliza atavipanda wapi. Akasema ataona kwanza kama kuna mlango.

Mlango ulikuwepo, mabati mawili hayakuwepo. Juma lililopita alipiga simu kwa jirani mwenye mtandao. Vijiti vitano vimeshika, mbele ya nyumba, pale ambapo mbuzi walimaliza kila kitu kingine. “Mbuzi wamenusa wakaenda zao,” alisema. “Waambie wenzako hata mbuzi hawaili.”

Basi, mama uliyeniuliza, jibu ni hapana, hatuyali. Nina miche tisa yenye mizizi. Jumamosi nitaileta kwenye mkutano. Atakayetaka aje na mkebe uliotobolewa, na mchanga wake mwenyewe. Majivu nitatoa mimi.